Mikopo Ile Ile, Jumla Tatu

Siku moja niliitwa kwenye kikao cha bodi ya chama kimoja cha akiba na mikopo. Sikuitwa kwa heri. Mezani palikuwa na karatasi tatu zilizochapwa asubuhi ileile, zote kutoka kwenye mfumo wa tovuti niliouandika mimi, na zote zina kichwa kimoja: Mikopo Iliyotolewa, Julai hadi Septemba. Mhasibu alikuwa na jumla yake. Meneja mikopo alikuwa na yake, kubwa kidogo. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu aliyechapiwa karatasi na karani wa mapokezi, alikuwa na jumla iliyozipita zote mbili kwa mbali. Alivua miwani akaniuliza, "Kijana wangu, tuwasomee wanachama ipi?"

Sikuwa na jibu. Usiku nilipofungua msimbo nikakuta faili kumi na moja za ripoti ya mikopo. Kila alipokuja mtu na ombi, "nataka ileile ya mikopo ila kwa tawi," au "ileile ila wanawake tu," nilikuwa nimenakili faili ya zamani, nikabandika, nikabadilisha mistari miwili mitatu, nikaipa jina jipya. Mtu akaondoka ameridhika. Kosa lilipogunduliwa nilirekebisha faili iliyolalamikiwa, na kumi zilizobaki zikaendelea nalo. Ndugu kumi na moja wa tumbo moja, kila mmoja kalelewa nyumba yake.

Waandishi wa programu tukizungumzia ripoti zinazochujwa na kutumika tena, huwa tunakimbilia vifaa: fremwaki ipi, maktaba ipi, vitufe vikae juu au pembeni. Hayo ni ya siku mbili. Jambo zito ni kwamba neno kama "mkopo uliotolewa" au "mwanachama hai" liwe na maana moja, iliyoandikwa mahali pamoja katika msimbo, na kila kichujio kipunguze mistari bila kuigusa maana hiyo. Kichujio kinachobadilisha maana kimekwisha kuwa ripoti nyingine, hata kama kimekaa kwenye ukurasa uleule.

Wazo la kuieleza ripoti badala ya kuiandikia hatua kwa hatua ni la zamani kuliko tovuti. Mwaka 1959 IBM ilitoa RPG, lugha ambayo jina lake lenyewe lilimaanisha kizalishaji cha programu za ripoti. Mwandishi alijaza fomu: taarifa zipi zisomwe, zipangwe vipi kwenye karatasi, jumla ziwekwe wapi. Kompyuta ikafanya mengine. Miaka kumi na moja baadaye, Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM huko San Jose, California, alichapisha makala iliyoweka msingi wa hifadhidata za majedwali tunazotumia hadi leo. Ndani ya hesabu zake kuna tabia moja ambayo ripoti zote zinazochujwa zinaiegemea: ukilichuja jedwali, unachopata ni jedwali.

Aliyewahi kuchekecha unga anaelewa bila kufundishwa. Unga ukipita kwenye chekeche unabaki unga, kwa hiyo unaweza kuupitisha kwenye chekeche ya pili na ya tatu. Ukishaukanda ukawa donge, chekeche haina kazi tena. Jumla ni donge. Ndiyo maana vichujio vyote hutangulia, kujumlisha hufuata, na kukata kurasa za mistari hamsini hamsini huja mwisho kabisa. Nimeona mfumo ambao ulichukua mistari hamsini ya kwanza ndipo ukachuja wanawake; ukurasa wa kwanza ulikuwa na wanawake kumi na tisa, wa pili thelathini, na mtumiaji akaamini kuwa mtandao ndio unaosumbua.

Hesabu za Codd zilikuwa safi, lakini lugha iliyozaliwa kutokana nazo huandikwa kama sentensi. Donald Chamberlin na Raymond Boyce, nao wa IBM, waliitambulisha mwaka 1974 kwa jina la SEQUEL, ambalo baadaye likafupishwa kuwa SQL. Sentensi hazipangiki moja juu ya nyingine kama machekeche. Ukitaka kuongeza kichujio cha tawi inakubidi ugundishe kipande cha maneno katikati, ukumbuke kama neno la sharti limekwisha kutajwa au bado, ukumbuke na mabano. Wengi wetu tulijifunza kwa kugundisha hivyohivyo, jina la tawi likichukuliwa moja kwa moja kutoka kwenye kisanduku alichojaza mtumiaji. Mtu akiandika Temeke anapata Temeke. Akiandika Temeke' OR '1'='1 anapata chama kizima. Mbinu hiyo ilielezwa hadharani Desemba 1998, katika toleo la 54 la jarida la wadukuzi liitwalo Phrack, na hadi leo bado inafungua milango.

Dawa yake inajulikana: thamani aliyoandika mtumiaji isafiri peke yake, mbali na sentensi, ili hifadhidata isiwahi kuisoma kama amri. Hapa kuna shimo wanalotumbukia hata wakongwe. Jina la safu ya kupangia haliwezi kusafiri kwa njia hiyo. Mtumiaji akibonyeza "panga kwa kiasi", neno "kiasi" linaingia ndani ya sentensi yenyewe. Kwa hiyo ripoti iwe na orodha yake ya safu zinazoruhusiwa kupangiwa, na neno lolote lililo nje ya orodha lipuuzwe kimya.

Fremwaki za tovuti ziliturudishia machekeche. Django, iliyotolewa mwaka 2005, huandika swali la hifadhidata kama kitu unachoweza kukiongezea masharti moja baada ya jingine, nacho hakiendi kwenye hifadhidata mpaka mtu ahitaji jibu. Rails ilifanya jambo linalofanana mwaka 2008 ilipoleta masharti yenye majina: unaandika mara moja nini maana ya "uliotolewa", unaipa jina, halafu unaliita jina hilo popote. Juu ya misingi hiyo zikajengwa maktaba ndogo za kazi hii, kama Datagrid kwa wanaotumia Ruby, lugha ya Rails, na django-filter kwa upande wa Django. Ukizisoma utaona zinaimba wimbo mmoja. Ripoti ni darasa moja la msimbo lenye sehemu chache: msingi, yaani mistari ipi inastahili kuwemo, vichujio, kila kimoja na jina lake, aina yake na namna kinavyopunguza, na safu, kila moja na jinsi inavyokokotolewa na jinsi inavyoonyeshwa. Skrini, faili la Excel na karatasi ya kuchapa vyote vinakula chungu kimoja.

Nilipoanza kuzikusanya zile faili kumi na moja kuwa darasa moja, kila tofauti ya karatasi za bodi ilijitokeza yenyewe.

Tofauti ya meneja ilikuwa ya maana ya neno. Faili lake lilihesabu mikopo iliyoidhinishwa, pamoja na ile ambayo fedha zake zilikuwa hazijatoka. Kwa kazi yake alikuwa sahihi, maana yeye huangalia fedha zitakazohitajika wiki ijayo. Ila kichwa cha karatasi kilisema "iliyotolewa". Hilo lilihitaji kikao, kisha sharti moja kwenye msingi, na ripoti ya pili yenye jina lake halali.

Karatasi ya mwenyekiti ilikuwa na kosa lililonifundisha zaidi. Mtu wa mapokezi hupenda kutafuta mkopo kwa jina la mdhamini, kwa sababu wadhamini ndio wanaokuja kulalamika. Ili kumwezesha, nilikuwa nimeliunganisha jedwali la mikopo na jedwali la wadhamini. Mkopo wa shilingi 2,000,000 wenye wadhamini watatu ukatoka mistari mitatu, na jumla ikaandika 6,000,000. Kwenye skrini mtu anaona jina lilelile mara tatu na kudhani ni mapambo. Chini ya karatasi chama kimekuwa tajiri. Kichujio cha mdhamini kinatakiwa kiulize tu kama mdhamini wa jina hilo yupo au hayupo, bila kumleta mezani. SQL ina neno la kuuliza hivyo, EXISTS, na tangu siku hiyo nimejiwekea sheria: kichujio chochote kinachogusa jedwali la pili kiulize kuwepo, kisiunganishe. Kuna wanaokwepa tatizo kwa kuiambia hifadhidata itoe mistari isiyojirudia. Hiyo ni kupaka rangi ukuta wenye ufa, kwani wanachama wawili waliokopa kiasi kimoja siku moja wanaweza kuyeyuka wakawa mmoja.

Karatasi ya mhasibu ilipungukiwa na siku moja. Aliandika kuanzia tarehe 1 Julai hadi tarehe 30 Septemba, na msimbo ukalinganisha "isizidi 2024-09-30". Kwa hifadhidata inayotunza saa pamoja na tarehe, hiyo ni saa sita kamili usiku inayoanzisha tarehe 30. Mikopo yote iliyotoka mchana wa siku hiyo ikaachwa nje, na siku ya mwisho wa robo ndiyo maafisa mikopo hukimbizana kutimiza malengo. Sahihi ni kuuliza kuanzia 1 Julai na kabla ya 1 Oktoba. Mtumiaji aendelee kuona 30 Septemba kwenye kisanduku chake. Msimbo ndio uongeze siku. Namna hii ina faida ya pili: hifadhidata inaweza kutumia faharasa ya tarehe moja kwa moja, tofauti na pale unapoiagiza ichomoe mwezi kutoka kwenye kila mstari ndipo ilinganishe.

Kuna saa tatu zaidi zinazopotea hapa kwetu. Seva nyingi hutunza wakati kwa saa ya dunia ya UTC, nasi Afrika Mashariki tuko mbele yake kwa saa tatu. Mwanachama akilipa rejesho kwa simu saa saba na nusu usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai, seva inaandika saa 22:30 ya tarehe 30 Juni. Ripoti ya Julai isiyojua hilo inampeleka robo iliyopita. Kabla ya pesa za simu jambo hili halikuonekana, kwa kuwa kaunta zilifungwa jioni; sasa marejesho huingia saa yoyote. Nasi tuna ugumu wetu juu ya huo. Kwa hesabu ya wazee wa Pwani usiku hutangulia mchana wake, na bado wapo wanaosema usiku wa Jumatatu wakikusudia ule unaoamkia Jumatatu. Karani akiombwa "mapokezi ya usiku wa Jumatatu", usikisie. Weka tarehe na saa kwenye kichujio.

Suala la mistari isiyo na tawi nalipitia haraka, ingawa linauma. Ukichuja "tawi lisiwe Temeke", mikopo ambayo tawi lake halikujazwa nayo inatoweka, kwa sababu kwa SQL thamani isiyojulikana si sawa na Temeke wala si tofauti na Temeke. Weka chaguo la "halijajazwa" kwenye orodha ya matawi, na watu wataanza kulijaza.

Kwa mfano mkubwa wa ukanda wetu, tazama DHIS2, mfumo wa takwimu za afya. Mradi wake wa asili ulianza Afrika Kusini mwaka 1994, nchi ilipokuwa ikiunganisha huduma za afya zilizogawanywa na ubaguzi, na toleo la tovuti likajengwa chini ya Chuo Kikuu cha Oslo. Kenya iliupeleka nchi nzima mwaka 2011. Tanzania nayo iliutumia kubebea takwimu za MTUHA, mfumo wake wa taarifa za huduma za afya, zile ambazo muuguzi huzijaza kwenye vitabu vikubwa vya mistari. Kila namba ndani yake imefungwa kwa maswali matatu: ni nini, ni wapi, ni lini. Kituo kimo ndani ya halmashauri, halmashauri ndani ya mkoa. Ripoti yoyote basi ni kuchagua kitu, mahali na kipindi, na mfumo uleule unamhudumia mganga mfawidhi na mtu wa wizarani bila kuandikiwa faili mbili.

Mambo mawili ya mfumo huo ningependa kila mwandishi wa ripoti ayaibe. La kwanza ni kipindi kisichotaja tarehe. Mtu akihifadhi jedwali la "miezi 12 iliyopita", kinachohifadhiwa ni maneno hayo, kwa hiyo akilifungua mwakani linasogea lenyewe. Ripoti iliyohifadhiwa ni swali. Namba ni jibu la siku hiyo. Ukichanganya viwili hivyo utaletewa malalamiko kwamba "ripoti yangu imebadilika", na pengine alichokihitaji mlalamikaji ni nakala ya jibu, iliyogandishwa na kutiwa sahihi, kama ile ya mkaguzi wa hesabu. Mfumo mzuri unatoa vyote viwili na kuviita majina tofauti.

La pili ni viwango vya asilimia. Kituo kimoja kimechanja watoto 90 kati ya 100. Kingine watoto 10 kati ya 40. Asilimia zao ni 90 na 25. Aliyejumlisha asilimia na kugawa kwa mbili anaandika 57.5. Ukweli ni watoto 100 kati ya 140, yaani asilimia 71 na kidogo. Kwenye DHIS2 kiashiria hutunzwa kwa sehemu zake mbili, juu na chini ya mstari, na mgawanyo hufanywa baada ya vichujio kumaliza kazi. Kwa mikopo ni hivyohivyo. Kipimo cha mikopo iliyo hatarini kwa zaidi ya siku 30 huchukua salio lote la mkopo uliochelewa, hakichukui tu malipo yaliyochelewa. Mkopo wenye salio la shilingi 5,000,000 na marejesho ya 400,000 yaliyochelewa unaingia kwa 5,000,000. Meneja wa tawi atapenda kuandika 400,000, nami simlaumu; ila maana hiyo isikae kichwani mwake wala kwenye kanuni ya Excel aliyoitunga mwenyewe. Ikae kwenye msimbo, na iwe na majaribio.

Nikisema majaribio, ninakusudia kitu kidogo sana. Mimi hutunga mikopo mitano ya bandia: mmoja una wadhamini watatu, mmoja umetolewa alasiri ya siku ya mwisho wa robo, mmoja saa saba na nusu usiku, mmoja hauna tawi, mmoja umeidhinishwa tu. Najua jumla sahihi kwa kuihesabu kwa mkono. Kila msimbo unapoguswa, kompyuta inaipiga ripoti kwenye mikopo hiyo mitano na kulinganisha. Inachukua chini ya sekunde moja, na imeniokoa na vikao.

Ruhusa ni sehemu inayowekwa mahali pabaya mara nyingi kuliko zote. Ripoti ya tovuti ina uzuri wake: vichujio hukaa kwenye anwani ya ukurasa, kama /ripoti/mikopo?tawi=temeke&kuanzia=2024-07-01&hadi=2024-09-30, na mtu anaweza kumtumia mwenzake kwa WhatsApp akafungua swali lilelile. Lakini anayeweza kusoma anwani anaweza kuibadilisha. Kama kinachomzuia meneja wa Temeke asione Ilala ni kichujio kilichofichwa kwenye skrini, ataandika "ilala" na kuingia. Ruhusa iwe ndani ya msingi, chini ya vichujio vyote, ili hata akiandika jina la kila tawi nchini apate la kwake tu. Na namba za simu au za vitambulisho zisipite kwenye anwani, maana anwani hubaki kwenye kumbukumbu za seva na za kivinjari. Sheria nazo zimekuja: za ulinzi wa data za Kenya na Uganda ni za mwaka 2019, Tanzania ikapitisha yake mwaka 2022 na ikaanza kutumika Mei 2023. Hata hesabu isiyo na majina inaweza kumfichua mtu. Chuja kijiji, jinsia, umri na ugonjwa. Ukibakiwa na mtu mmoja, umeshamtaja.

Kuhusu kasi nitasema machache. Ripoti nzito ikipigwa saa nne asubuhi mwisho wa mwezi, kwenye hifadhidata ileile inayohudumia kaunta, foleni inafika barabarani. Wenye uwezo huweka nakala ya kusoma tu kwa ajili ya ripoti. Wengine huandaa majedwali ya jumla usiku, kama DHIS2 inavyofanya kwa uchambuzi wake, na PostgreSQL imekuwa na chombo cha kuhifadhi majibu ya namna hiyo tangu toleo la 9.3 la mwaka 2013. Gharama yake ni kuchelewa. Karani anajaza leo asubuhi, anafungua jedwali, haoni kitu, anajaza tena. Maandishi madogo tu, "takwimu hizi ni za hadi jana saa sita usiku", yanazuia data kuingizwa mara mbili.

Kisha kuna Excel, ambako ripoti nyingi huishia upende usipende. Kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba 2020, huko Uingereza, wagonjwa 15,841 wa korona walichelewa kuingizwa kwenye takwimu na kufuatiliwa kwa sababu data zilipitishwa kwenye faili za Excel za muundo wa zamani, ambazo mwisho wake ni mistari 65,536. Iliyozidi ilikatwa bila kelele. Muundo wa sasa unafika mistari 1,048,576, nao pia una mwisho. Kwetu kosa la kila siku ni dogo zaidi: namba ya simu inayoanza na sifuri inafunguliwa kama hesabu, sifuri inaanguka, na ujumbe wa kumkumbusha mwanachama marejesho hauendi popote. Safu ya simu iwekwe kama maandishi. Na jina linaloanza na alama ya sawasawa lisipelekwe hivyohivyo, maana Excel italitekeleza kama kanuni.

Swali ninaloulizwa sana na vijana ni kwa nini tusinunue au tusipakue tu chombo cha uchambuzi, kama Metabase au Superset, tukakichomeka kwenye hifadhidata. Vinafaa, tena sana, pale watu wanapokuja kila asubuhi na swali jipya ambalo halitaulizwa tena. Mimi huvitumia. Ripoti inayopelekwa kwa bodi, kwa mrajisi au kwa mkaguzi siiweki huko. Hiyo inahitaji maana ileile inayotumiwa na msimbo wa kutoa mikopo wenyewe, ruhusa zilezile, na yale majaribio ya mikopo mitano. Vinginevyo faili kumi na moja zinarudi, safari hii kwenye dashibodi zenye rangi.

Wala usiende upande wa pili. Nimeshiriki kujenga ukurasa wa "ripoti ya kila kitu" wenye vichujio arobaini, kila safu ikichagulika, kila mpangilio ukiwezekana. Tulipotazama matumizi, karibu kila mtu alitumia vitatu: tarehe, tawi, hali ya mkopo. Waliobaki walimpigia simu kijana wa kompyuta awachapie. Siku hizi ripoti ya kwanza naiandika kwa mkono, ya pili navumilia, ikija ya tatu inayofanana ndipo naziunganisha.

Darasa moja nalo halimalizi kila kitu. Mwanachama akihama kutoka Temeke kwenda Ilala, ripoti ya mwaka jana ya Temeke ukiipiga leo inampoteza, kama mfumo unatunza tawi lake la sasa tu. Ukitaka jana ibaki kama ilivyokuwa, lazima mkopo wenyewe uandike tawi lililoutoa siku ulipotoka. Huo ni uamuzi wa siku ya kwanza ya kuchora majedwali. Mimi sikuufanya, na mikopo ya miaka miwili ya mwanzo ya chama kile imebaki na matawi ya kukisia.

Kwa mwenyekiti nilirudi baada ya wiki tatu na karatasi moja. Chini palikuwa na jumla. Juu, kabla ya kitu chochote, paliandikwa kwa maneno: mikopo ambayo fedha zimetoka, matawi yote, kuanzia 1 Julai 2024 hadi mwisho wa 30 Septemba 2024, saa za Afrika Mashariki, imechapwa na nani, lini, saa ngapi, mistari mingapi. Alisoma hapo juu kwa muda mrefu kuliko alivyosoma jumla. Nawe ukipewa ripoti kesho, soma kwanza hapo juu. Pakiwa patupu, irudishe.